Boa si mlafi: Kinachomkuza nyoka wa kufugwa, na kinachomuua

NYOKA anapoonekana katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, iwe ni Kayole, Umoja, Dandora au kwenye nyumba za zamani za Kaloleni na Jericho, mambo huwa ni yale yale. Mtu hupiga ukemi, watoto huitwa ndani, vijana hukimbilia mawe na vipande vya mbao, na baada ya dakika chache mzoga hutupwa kando ya mtaro. Ni nadra mtu kuuliza nyoka huyo alikuwa wa aina gani, alikuja kutafuta nini, wala alikuwa amekula lini mara ya mwisho.

Katika mitaa iyo hiyo, kijana aliyeketi sebuleni na simu yake huweza kumtazama boa akiwa amezungushwa shingoni mwa mtoto wa Florida mithili ya skafu, na akajiuliza kwa nini yeye pia asimweke mmoja ndani ya sanduku la kioo kando ya runinga. Swali hilo lina majibu mawili. La kwanza ni la kisheria, nalo litafika mahali pake. La pili, ambalo ndilo refu zaidi, ni la tumbo: boa hula nini, hula lini, na kwa nini wengi wa boa wanaofia mikononi mwa binadamu hawafi kwa njaa bali kwa shibe na baridi.

Boa ni nyoka asiye na sumu. Asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini, kuanzia Mexico hadi Argentina, wala hana undugu wa karibu na chatu wetu ingawa wote wawili huua kwa kubana. Tofauti moja rahisi kukumbuka ni kwamba chatu hutaga mayai na kuyazingira kwa mwili wake hadi yaanguliwe, ilhali boa huzaa watoto walio hai. Wasomaji wenye kumbukumbu watakumbuka jinsi wakazi wa Nyakach, karibu na Ziwa Victoria, walivyosisimka mwaka 2003 chatu mkubwa alipotua kijijini Wasare na kutaga, naye akapewa jina la Omieri, jina ambalo tayari lilikuwa maarufu kwa sababu ya chatu mwingine aliyeungua katika moto wa kichaka mwaka 1987. Huyo alikuwa chatu. Boa hangetaga.

Mtoto wa boa huzaliwa akiwa na urefu wa sentimita 40 hadi 50, na tangu siku hiyo hujitegemea. Mama hamlishi wala hamtambui. Kwa siku kadhaa za mwanzo huishi kwa masalio ya kiini alichozaliwa nacho tumboni, kisha hujivua gamba kwa mara ya kwanza, na hapo ndipo huanza kuwinda. Jike akikomaa hufikia mita mbili hadi tatu. Dume huwa mdogo kidogo. Akitunzwa vyema huishi miaka 20 hadi 30. Boa mmoja aliyeitwa Popeye, wa bustani ya wanyama ya Philadelphia nchini Marekani, alikuwa amepitisha umri wa miaka 40 alipokufa mwaka 1977. Anayemchukua boa mchanga leo, kwa hivyo, anachukua mzigo ambao huenda akaubeba hadi awe na wajukuu.

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Imani iliyoenea ni kwamba nyoka mkubwa huwa na njaa kila wakati, na kwamba asipopewa atamgeukia mwenye nyumba. Hesabu inasema vingine. Boa mzima mwenye uzito wa kilo tano hutosheka na panya mkubwa mmoja wa gramu 300 hivi kila baada ya wiki nne. Kwa mwaka mzima hiyo ni panya 13, yaani chini kidogo ya kilo nne za chakula. Paka wa kawaida anayekula gramu 200 za nyama au samaki kwa siku humaliza kiasi hicho kwa siku 20.

Siri ya tofauti hiyo ni joto. Paka, mbwa na binadamu huchoma sehemu kubwa ya chakula chao ili tu mwili ubaki na joto lake, usiku na mchana, wawe wamelala au wanakimbia. Nyoka hafanyi hivyo. Hulikopa joto kutoka nje, kwenye jua, kwenye jiwe, kwenye udongo, na chakula chake chote hukitumia kusonga, kukua na kuzaa. Kwa sababu hiyo anaweza kukaa wiki nyingi bila kula na asipungue kitu cha maana.

Mlo unapofika, hata hivyo, mwili wake hufanya jambo la kustaajabisha. Watafiti wa Marekani waliomchunguza chatu wa Burma kuanzia miaka ya 1990 waligundua kwamba katika kipindi cha njaa matumbo ya nyoka huyo husinyaa na karibu yote hupumzika, kama kiwanda kilichozimiwa mitambo. Saa chache baada ya kumeza windo, mitambo huwashwa upya: utumbo hunenepa, ini na figo huongezeka uzito, na kasi ya mwili kutumia nguvu hupanda maradufu mara nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kuwa hata moyo wa chatu huyo huongezeka kwa takriban asilimia 40 katika muda wa siku mbili. Usagaji ukiisha, kila kiungo hurudi kwenye udogo wake. Boa naye hupitia mabadiliko ya namna hiyo, japo kwa kiwango cha chini.

Ndiyo maana kumlisha nyoka tena kabla kiwanda hicho hakijazimwa na kupumzika ni kumfanyisha kazi ya kulazimishwa.

Jinsi anavyoua windo lake pia imeeleweka vyema hivi karibuni. Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba boa hulikosesha windo pumzi. Mwaka 2015 wataalamu wakiongozwa na Scott Boback wa chuo cha Dickinson, Pennsylvania, walionyesha kuwa mbano wa boa husimamisha mzunguko wa damu, na panya hupoteza fahamu kwa sekunde chache tu, kabla pumzi haijawa tatizo. Wataalamu hao hao walikuwa wameonyesha miaka mitatu kabla ya hapo kwamba boa huhisi mapigo ya moyo wa windo kupitia mwili wake, na hulegeza mbano mapigo yanapokoma. Si ukatili wala hasira. Ni matumizi ya nguvu kwa kipimo.

Kipimo ndicho hasa wafugaji wanachokosa. Kanuni inayotumiwa na wengi wenye uzoefu ni kwamba windo lisiwe nene kuliko sehemu nene kabisa ya mwili wa nyoka, na kwa boa ni heri liwe jembamba kidogo kuliko hapo. Boa mchanga hupewa mtoto wa panya aliyeanza kuota manyoya kila baada ya siku 10 hadi 14. Akifikia mwaka mmoja au miwili, muda husogezwa hadi wiki mbili au tatu. Akikomaa, karibu umri wa miaka minne, mlo mmoja kwa wiki nne hadi sita humtosha, na dume mzima wakati mwingine hukataa chakula kwa miezi kadhaa bila ugonjwa wowote.

Mfugaji mgeni huona kukataa huko kama msiba. Hubadilisha chakula, humsogezea panya usoni asubuhi na jioni, wengine hufikia hatua ya kumfungua mdomo kwa nguvu. Mara nyingi sababu ni nyepesi. Huenda nyoka anakaribia kujivua gamba, wakati ambapo macho hugeuka kuwa na utando wa rangi ya maziwa na hapendi kuguswa. Huenda sanduku ni la baridi. Huenda hana pa kujificha, maana boa hula kwa utulivu pale tu anapojiona kuwa salama. Au huenda, kwa urahisi kabisa, hana njaa.

Kosa kinyume cha hilo ndilo linaloua. Wapo wafugaji, hasa wale wanaotaka jike akomae haraka azae na watoto wauzwe, wanaomlisha boa mchanga panya wakubwa kila baada ya siku nne au tano. Kwa macho matokeo hupendeza: nyoka hurefuka kwa kasi, hunenepa, hung'aa. Haraka haraka, wahenga walishasema, haina baraka. Nyoka hukua maisha yake yote, kwa kasi utotoni na polepole baada ya kukomaa, na mwili wake haukuumbwa kuyapokea ya miaka minne ndani ya mwaka mmoja na nusu. Mafuta ambayo hayana pa kwenda hujikusanya tumboni kwa mapande, kisha huvamia ini. Boa wa namna hiyo hufa akiwa na umri wa miaka michache, mara nyingi bila dalili iliyotangulia, na mwenyewe hubaki akishangaa kwa kuwa hakuwahi kumnyima chakula hata siku moja.

Nyoka mwenye afya hutambulika kwa umbo. Akitazamwa kwa mbele, kiwiliwili cha boa hakistahili kuwa mviringo kama bomba la maji. Kinastahili kufanana na boflo: bapa kwa chini, pande zikiwa zimesimama, mgongo ukiwa na mwinuko mdogo. Uti wa mgongo ukijitokeza kama ukingo wa panga na ngozi ikajikunja mbavuni, amekonda. Magamba yakiachana hadi ngozi ya kati ionekane, mikunjo ya mafuta ikatokea kila anapojipinda, na mkia ukaanza ghafla kama uliobandikwa kwenye gunia, amenona kupita kiasi. Kumpima kwa mizani mara moja kwa mwezi na kuandika daftarini husaidia kuliko kumkisia kwa macho.

Kuna swali ambalo huulizwa na kila asikiaye habari hizi kwa mara ya kwanza: kwa nini asipewe nyama? Ukipita soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo, nyama ipo ya kila aina, matumbo yapo, vichwa vya kuku vipo. Jibu ni kwamba boa hali nyama, hula mnyama. Ndani ya panya mzima mna mifupa yenye kalsiamu, ini lenye vitamini, damu, ngozi na hata manyoya yanayosaidia kinyesi kupita. Kipande cha mnofu hakina vitu hivyo. Nyoka anayelishwa minofu peke yake, hasa akiwa mchanga, hukua akiwa na mifupa dhaifu na uti uliopinda, na kilema hicho hakirekebishiki. Mayai ya kuku, ugali, maziwa na vinginevyo vinavyosimuliwa mitaani havina nafasi kabisa kwenye mlo wake.

Panya basi atoke wapi? Hapa ndipo Eastlands inapodhaniwa kuwa na utajiri. Panya wamejaa Gikomba, wamejaa Kariobangi, wamejaa kwenye dari za nyumba na mitaro ya majitaka. Kwa mtu asiyejua, mtego mmoja na kipande cha samaki vingetosha kumlisha nyoka bure.

Panya wa mtaani ni hatari kwa nyoka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni minyoo na vimelea vingine anavyobeba. Ya pili, iliyo mbaya zaidi, ni sumu. Hakuna mtaa wa Eastlands usiopitiwa na mchuuzi wa dawa ya panya, na nyingi ya dawa zinazotumika dunia nzima ni zile zinazozuia damu kuganda. Panya akiila haanguki papo hapo. Huendelea kutembea kwa siku kadhaa huku akizidi kulegea, na panya aliyelegea ndiye rahisi kunaswa. Sumu iliyo mwilini mwake humfuata yule atakayemla, awe paka, bundi au nyoka.

Katika nchi ambako biashara hii imekomaa, panya hufugwa maalumu, huuawa kwa njia isiyo ya mateso, hugandishwa na kuuzwa kwa pakiti. Mfugaji hutoa mmoja kwenye jokofu, humyeyusha polepole, humtia kwenye maji ya moto ndani ya mfuko hadi apate joto la mnyama hai, kisha humwinua kwa koleo refu mbele ya nyoka. Panya aliyekufa anapendelewa pia kwa sababu aliye hai hujitetea. Meno ya panya yaliyofungiwa na nyoka asiye na njaa yameacha majeraha mabaya, mengine hadi kwenye mfupa. Anayetaka kufanya hayo katika chumba kimoja cha Umoja au Pipeline angelazimika kufuga panya mwenyewe. Panya jike hubeba mimba kwa wiki tatu hivi na huzaa wanane hadi kumi na wawili kwa mkupuo. Ni vigumu kuona jinsi majirani wanaonunua sumu kila mwezi wangelipokea jambo hilo, sembuse mwenye ploti.

Baada ya chakula ni joto, na kwa Nairobi hili huenda ndilo zito kuliko yote. Boa huhitaji sehemu moja ya makao yake iwe na nyuzi 30 hadi 33 za Selsiasi na upande wa pili uwe na 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Bila joto hilo chakula hakisagiki. Panya aliyemezwa huanza kuoza tumboni, na nyoka humtapika baada ya siku mbili au tatu, kitendo kinachomchosha na kumuunguza koo kiasi kwamba hapaswi kulishwa tena hadi wiki mbili zipite, naye aanzwe na windo dogo. Baridi ya muda mrefu humletea pia maradhi ya mapafu, na dalili yake ni kupumua kwa mdomo wazi, kukoroma na kutokwa na mapovu.

Mgeni hudhani Afrika yote ni joto. Mkazi wa Eastlands anajua vyema usiku wa Julai ulivyo ndani ya nyumba ya mawe isiyo na dari, jiji likiwa zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari na kipimajoto kikishuka hadi nyuzi 12 au chini yake. Nyoka wa Amazon hangeumaliza usiku kama huo akiwa na panya tumboni bila kifaa cha kumpasha joto, na kifaa hicho huendeshwa na stima. Stima ikipotea jioni na kurudi kesho yake adhuhuri, kama inavyotokea, blanketi halimsaidii. Blanketi huhifadhi joto la mwili unaojitengenezea joto; nyoka hana la kuhifadhiwa. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa kitambaa ndizo humwokoa, zikibadilishwa kila baada ya saa chache.

Mengine ni mepesi. Maji safi yawepo daima katika bakuli pana. Hewa isiwe kavu mno, la sivyo gamba hutoka vipande vipande na kubaki machoni na kwenye ncha ya mkia, ambako huweza kukata damu. Nyoka asishikwe kwa siku mbili baada ya kula. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kumgusa au kusafisha makao yake, kwa kuwa watambaazi wengi hubeba bakteria za salmonela bila wao kuugua. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano si mahali pa kufugia nyoka, hata awe mpole vipi.

Linakuja sasa lile jibu la kisheria. Biashara ya kimataifa ya boa inasimamiwa na mkataba wa CITES uliotiwa saini Washington mwaka 1973, na hakuna anayeweza kumvukisha mpaka bila vibali vya nchi anakotoka. Kwa upande wa Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, haimruhusu mtu kumchukua mnyamapori na kumweka nyumbani kwa hiari yake. Leseni hupitia kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na wenye maonyesho ya nyoka huendesha shughuli zao kwa leseni hizo. Chatu aliyeokotwa Kitui na kuletwa Komarock ndani ya gunia hana tofauti, mbele ya sheria hiyo, na swara aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba.

Anayedhani mahakama hazijali viumbe wadogo na akumbuke kesi ya mwaka 2025. Mwezi Mei mwaka huo, mahakama iliyoko Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, kule Embakasi, iliwatoza watu wanne faini ya Sh1 milioni kila mmoja, ama kifungo cha miezi 12, kwa kupatikana na maelfu ya chungu hai. Wawili walikuwa vijana wa Ubelgiji, mmoja raia wa Vietnam na mmoja Mkenya. Chungu hao walikuwa wamewekwa kwenye vijichupa, na soko lao ni lile lile linalotafuta nyoka: watu wa ng'ambo wanaofuga viumbe vya kigeni nyumbani.

Sababu ya ukali huo haiko mbali. Boa anapomshinda mfugaji, kwa ukubwa au kwa gharama, mfugaji wengi humwachilia. Kisiwani Aruba, boa wa kwanza alionekana mwaka 1999, na katika muda mfupi walienea kisiwa kizima wakila ndege na mijusi ambao hawakuwahi kumjua adui wa aina hiyo. Kusini mwa Florida chatu wa Burma wamefanya makubwa zaidi. Huenda baridi ya Nairobi ingemzuia boa asienee kando ya Mto Nairobi. Mombasa, Kilifi na Kwale hakuna baridi ya kumzuia.

Kinachofurahisha ni kwamba ukoo wa boa haujaikosa Kenya kabisa. Katika maeneo makavu ya kaskazini na mashariki yupo boa mdogo wa mchangani, mnene, mkia mfupi butu, rangi ya chungwa yenye mabaka meusi, ambaye kwa kawaida hazidi sentimita 60 isipokuwa jike. Hujizika mchangani akaacha macho tu, akingoja panya apite. Nchini Marekani na Ulaya hufugwa na kuzalishwa kwa wingi, na huko hujulikana kwa jina la Kenya. Wakenya wengi hawajawahi kumwona, na wanaomwona humpiga wakidhani ni moma.

Na Eastlands yenyewe ina mbanaji wake. Ni nyoka wa rangi ya kahawia anayeishi karibu na nyumba za watu, mwembamba, kwa kawaida chini ya mita moja, mwenye mistari miwili myeupe-manjano kila upande wa kichwa, mmoja wao ukipita jichoni. Hana sumu. Hutoka usiku, huingia kwenye mianya ya ukuta, stoo na marundo ya mbao, na anachokifuata humo ni panya. Humbana kama boa anavyombana wake, kwa kipimo kile kile, humeza, kisha hutoweka kwa siku nyingi akisaga. Hahitaji sanduku la kioo, wala jokofu, wala stima. Baridi ya Julai ameizoea vizazi kwa vizazi.

Huyu ndiye anayeuawa mara nyingi kwa mawe, na asipouawa kwa mawe hupatikana amekufa chini ya ngazi kwa sumu iliyokuwa ndani ya panya wa mwisho aliyemla. Hakuna atakayemlaumu mama wa Mathare Kaskazini kwa kumwogopa nyoka asiyemjua gizani, maana kifutu naye yupo pembezoni mwa jiji, na kumtambua nyoka kwa mwanga wa simu si kazi ya mtu asiyefunzwa. Lililo salama ni kuwaondoa watoto, kufunga mlango wa chumba alichomo, kumtazama kwa mbali na kuwaita KWS, badala ya kumkaribia kwa fimbo. Wengi wanaoumwa huumwa wakijaribu kuua au kushika.

Kwa kijana ambaye hamu ya boa bado haijamtoka, Bustani ya Nyoka iliyo kando ya Makavazi ya Kitaifa, Museum Hill, imekuwa wazi tangu mwaka 1961. Nauli ya matatu kutoka Buruburu hadi mjini, na matembezi ya nusu saa kutoka hapo, ni nafuu kuliko kipimajoto. Atakayekaa mbele ya kioo alasiri nzima huenda asione nyoka hata mmoja akisogea, sembuse kula.